Haibridi imepata ajali barabarani: izimwe vipi, ivutwe vipi

Swali: Naendesha gari la kuvuta magari mabovu kati ya Chalinze na Morogoro. Juzi niliitwa kwenye Toyota Aqua iliyoingia chini ya tela la lori. Boneti imejikunja, injini kimya kabisa, lakini dashibodi inawaka, na waya mnene wa rangi ya chungwa umechungulia karibu na injini. Abiria wa kiti cha nyuma alikuwa bado ndani. Watu wakapiga kelele kwamba atakayegusa bodi atakufa, kwa hiyo hakuna aliyemsogelea. Nikatafuta betri mbele nichomoe, sikuiona. Zimamoto walikuwa njiani. Tulipaswa kufanya nini, na kuanza na lipi? Na haya magari yanavutwaje?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na huyo abiria, maana ndiye aliyeumizwa mara mbili: kwa ajali, halafu kwa uoga wa watu. Bodi ya Aqua ile haikuwa na umeme wa kuua. Mlango ungeshikwa, mkanda ungekatwa, na yeye mwenyewe angeshikwa mkono na kuzungumzishwa tangu mtu wa kwanza alipofika.

Sababu yake ni hii. Gari la kawaida lina betri moja ya volti 12, na upande wake hasi umefungwa kwenye bodi. Haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, inayo hiyo pia, lakini ina na betri kubwa ambayo haikufungwa kwenye bodi kwa upande wowote. Kwenye Aqua ya kwanza, ile iliyojaa barabarani kwetu, betri kubwa ni ya nikeli, volti 144, na imekaa chini ya kiti cha nyuma. Inveta iliyo mbele inaupandisha umeme huo hadi volti 520 kwa ajili ya mota. Waya zake zote mbili, chanya na hasi, zimevishwa rangi ya chungwa na zimetengwa na chuma cha gari. Umeme unaotoka kwenye betri hiyo hutafuta kurudi kwenye betri hiyohiyo, hauna haja na ardhi. Ili ukupige, lazima ushike pande mbili kwa wakati mmoja, au ushike upande mmoja wakati mwingine umeshachubuka na kugusa bodi. Ndiyo maana sheria ya waya wa chungwa haina mjadala: usiuguse, usiukate, usiusogeze kwa mti wala kwa bomba, hata kama unaonekana mzima. Kuanzia volti 60 za umeme wa betri tayari ni hatari kwa binadamu, na hapo tunazungumzia mara kadhaa zaidi.

Kuna hali moja tu ambayo bodi yenyewe inaogopwa: gari likigonga nguzo na waya wa Tanesco ukaanguka juu yake. Huo ni umeme unaotafuta ardhi. Hapo watu wakae mbali, waliomo ndani wabaki ndani mpaka umeme ukatwe, isipokuwa gari limeshika moto. Hilo halina uhusiano na gari kuwa haibridi, lingetokea hata kwa Land Rover ya zamani.

Sasa tuje kwenye hatari iliyokuwa kubwa zaidi pale, ambayo hakuna aliyeipigia kelele: dashibodi iliyokuwa inawaka. Injini ya haibridi kuwa kimya haina maana kwamba gari limezimwa. Ikiwa taa yenye neno READY inawaka, gari liko tayari kuondoka. Mtu aliyenasa akikanyaga mafuta kwa maumivu, mota inaweza kulisukuma bila mlio wowote. Betri kubwa ikipungua chaji, injini inajiwasha yenyewe. Tangi la Aqua hubeba lita 36 za petroli, kwa hiyo kama petroli imevuja na gari bado liko READY, injini inaweza kujiwasha katikati ya mvuke huo. Katika haibridi zetu nyingi, petroli bado ni adui wa karibu kuliko betri.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye matairi. Fika kwa ubavuni, usipite mbele wala nyuma ya gari. Weka vigingi au mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi moja, upande mwingine pia kama unaweza. Kisha nyosha mkono ndani: vuta hendibreki, peleka gia kwenye P. Aqua ina mkono wa gia wa kawaida. Prius ya mwaka 2003 kuendelea ina kijiti kidogo kinachorudi katikati kila ukikiachia, na P ni kitufe cha peke yake kwenye dashibodi.

Halafu tazama dashibodi. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Kama READY au taa nyingine za dashibodi zinawaka, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja tu, na usikanyage breki. Zikizimika zote, umefanikiwa. Kama mkono wa gia haukufika P, gari halitazima kabisa, litabaki na umeme wa redio, kwa hiyo hakikisha P kwanza. Na kama umekuta dashibodi giza tupu, usikiguse kitufe hata kidogo: ukikibonyeza gari lililozimwa unaliamsha. Nimeona maelekezo yanayosambazwa kwenye simu yakisema "bonyeza kitufe kuhakikisha". Hayo yafutwe.

Kabla ya kugusa betri ndogo, fungua kila utakachohitaji kufungua kwa umeme. Shusha vioo, toa loki za milango, rudisha nyuma kiti kama ni cha umeme, na fungua buti. Kwenye Prius nyingi betri ndogo imo ndani ya buti upande wa kulia, na buti lenyewe hufunguliwa kwa umeme. Ukiukata umeme kwa njia nyingine kabla ya kulifungua, itabidi mtu atambae ndani hadi nyuma akatafute kifungulio cha mkono. Washa pia taa za hatari zile za kuwaka na kuzima, nitasema kwa nini.

Ufunguo utafutwe, mfukoni mwa dereva au popote, upelekwe angalau mita 5 kutoka kwenye gari. Ni ufunguo wa redio; hauhitaji kuchomekwa popote ili gari liutambue. Apewe mtu mmoja anayejulikana, si kupitishwa mkono kwa mkono.

Ndipo betri ndogo. Hukuiona mbele kwa sababu haipo mbele. Kwenye Aqua iko nyuma, eneo la chini ya kiti cha abiria, jirani na betri kubwa. Chini ya boneti, ndani ya kisanduku cha fyuzi, kuna ncha yenye kifuniko chekundu. Hiyo ni ya kuazima chaji tu, na kuifungua hakuzimi kitu. Nenda kwenye betri yenyewe, fungua upande hasi kwa spana namba 10, na uifunike ile klempu kwa kitambaa au tepu isirudi kugusa. Ukikata kwa koleo badala ya kufungua, kata mara mbili na uondoe kipande cha kati, ili ncha zisije zikakutana gari likisogezwa.

Sasa tazama zile taa za hatari. Zikizimika, umeme mdogo umekufa kweli. Zikiendelea kuwaka, gari bado liko hai: kuna kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa na kulisha mfumo wa volti 12, nacho hufanya kazi muda wote gari likiwa READY. Hii ndiyo sababu mpangilio ni kuzima kwa kitufe kwanza, betri ndogo baadaye. Anayekimbilia betri ndogo gari likiwa READY hajazima kitu, na anajidanganya kwamba kazi imekwisha.

Kitufe kisipofikika, au dashibodi imesagika, kuna mlango wa pili: fyuzi. Fungua kisanduku cha fyuzi chini ya boneti. Kwenye Prius ya pili (2003 hadi 2009) inayotafutwa ni ya njano, ampea 20, imeandikwa HEV. Kwenye matoleo mengine majina hubadilika, na usiku, mvua inanyesha, hutakaa kusoma mchoro kwenye kifuniko. Maelekezo ya Toyota kwa waokoaji yanaruhusu njia ya mkato: kama huitambui fyuzi yenyewe, chomoa zote zilizomo kwenye kisanduku hicho. Kisha bado uende kwenye betri ndogo. Kazi ya yote haya ni moja. Ndani ya betri kubwa kuna rilei, yaani swichi za umeme, zinazoshikiliwa na umeme wa volti 12. Ukikatika, zinaachia, na umeme mkubwa unabaki umefungiwa ndani ya kasha lake. Eabegi zikifumuka, gari linatakiwa kuziachia rilei hizo lenyewe, na mara nyingi hufanya hivyo. Lakini usilitegemee, hasa gari lililogongwa nyuma na eabegi hazikufumuka.

Baada ya kuzima, hesabu muda wa vitu viwili. Eabegi ambazo hazijafumuka zinaweza kubaki na chaji kwa sekunde 90. Kapasita za inveta (vifaa vinavyohifadhi umeme kwa muda) na waya za chungwa zinaweza kubaki na umeme kwa dakika 10. Muda huu haumzuii mtu kumhudumia majeruhi: kumshika shingo, kuziba damu, kufungua mlango kwa mtaimbo. Unazuia tu kugusa inveta na waya zake.

Kuna plagi ya usalama kwenye betri kubwa, yenye mshikio wa chungwa, ambayo ikivutwa huigawa betri katikati. Hiyo si kazi ya mwenye gari la kuvuta. Anayeivuta anatakiwa kuwa na glavu za mpira za daraja 0, zinazostahimili volti 1,000, zikiwa zimevalishwa glavu za ngozi juu yake, na kabla ya kuvaa anazikunja kuanzia mdomoni ili hewa ijae vidoleni aone kama zinavuja. Glavu za jikoni au za kujenga hazina kazi hapa. Na kasha la betri lisifunguliwe na mtu yeyote, kwa sababu yoyote, hata likiungua. Plagi hata ikitolewa, seli zilizo ndani bado zina umeme wao.

Wenzetu wa zimamoto wanaokata bodi kwa mkasi wa haidroliki wanahitaji kujua mambo mawili. Waya za chungwa hutoka kwenye betri nyuma, hupita chini ya sakafu hadi mbele, kwa hiyo kukata paa na nguzo za milango ni salama kuliko kukata sakafu. Na kabla ya kukata nguzo yoyote, bandua plastiki yake uone: mitungi midogo ya gesi ya eabegi za pazia hukaa kwenye ukingo wa paa na nguzo za nyuma, na mkasi ukiubana mtungi huo utapasuka usoni kwa mkataji. Jeki pia isiwekwe chini ya betri. Abiria wako wa nyuma alikuwa amekaa juu yake, kwa hiyo pale gari lingeinuliwa kwa sehemu zake za jeki pekee.

Betri ya nikeli ikipasuka haimwagi maji mengi kama betri ya asidi. Kimiminika chake kimenyonywa ndani ya seli. Kikitoka ni alkali kali, potasiamu haidroksidi, inayochoma ngozi na macho. Kikimgusa mtu, mvue nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi dakika 20, kisha hospitali. Siki inaweza kumwagwa juu ya kilichomwagika chini ili kukipunguza ukali, isipakwe kwenye ngozi.

Hapo linakuja swali ambalo hukuuliza ila linaamua mengi: betri ni ya nikeli au ya lithiamu? Aqua ya zamani, Prius ya 2003 hadi 2015 za kawaida, na Harrier Hybrid za kabla ya 2020 ni nikeli. Honda Fit Hybrid ya 2013 kuendelea na Vezel Hybrid ni lithiamu, chini ya sakafu ya buti. Nissan Note e-Power ni lithiamu, chini ya viti vya mbele. Mitsubishi Outlander za mwanzo za kuchomeka (zinazochajiwa kwenye soketi ya umeme) zina lithiamu ya kilowati-saa 12 sakafuni, wakati Aqua haifikishi hata kilowati-saa 1. Prius ya 2015 kuendelea inaweza kuwa moja au nyingine kulingana na daraja la gari, kwa hiyo ihesabu kama lithiamu. Suzuki nyingi zenye nembo ya haibridi nyepesi hutumia volti 12 tu na hazina waya wa chungwa.

Moto mdogo wa waya au petroli mbele, mbali na betri, unazimwa kwa mtungi wa poda kama gari lolote. Betri ya nikeli ikiungua, zimamoto huimwagia maji mengi au, kama hakuna mtu na hakuna kinachotishiwa jirani, huiacha iungue iishe. Lithiamu ni habari nyingine. Ukisikia mlio wa kuzomea au kupasukapasuka kutoka sakafuni, ukiona moshi mweupe mzito unatambaa chini, wapeleke watu upande ule upepo unakotoka. Moshi ule una gesi yenye sumu ya floridi, hata kabla ya mwali kuonekana. Poda haisaidii kitu kwenye betri hiyo. Inahitaji kupozwa kwa maji mengi na kwa muda mrefu, na ikizimika inaweza kuwaka tena baada ya saa au siku. Piga 114, namba ya zimamoto, na useme kabisa kwamba ni haibridi, na ya aina gani, ili waje na maji ya kutosha.

Gari lililozama mafurikoni, kama yale ya Jangwani, halitii umeme maji yanayolizunguka. Umeme wake, nilivyosema, haurudi kwa njia ya ardhi. Mtu aokolewe bila kusubiri. Gari litolewe, maji yatoke, halafu lizimwe kwa mpangilio uleule. Maji ya chumvi ndiyo mabaya kuliko yote. Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilizamisha magari katika bandari ya Newark, Marekani, na Fisker Karma 16, ambazo ni haibridi za kuchomeka, zikateketea. Kampuni ilieleza kwamba chumvi ilikula kifaa kinachotumia umeme wa volti 12, kikapiga shoti. Kwa hiyo ndugu zetu wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam: gari lililoonja bahari liondolewe betri ndogo mapema na lisilazwe kwenye maegesho ya chini ya jengo.

Sasa kuvuta. Kwenye haibridi za Toyota zinazoendeshwa na tairi za mbele, tairi hizo zimeunganishwa na mota yenye sumaku za kudumu. Zikizungushwa barabarani, mota inakuwa jenereta na kuzalisha umeme mkubwa hata gari likiwa limezimwa na huna ufunguo. Waya ukiwa umechubuka, hapo ndipo moto unapozaliwa njiani, ukiwa umeshaondoka eneo la ajali ukidhani hatari imekwisha. Kamba isitumike kabisa. Tairi za mbele lazima ziwe hewani, na gari lenye mota ya nyuma pia, kama Harrier Hybrid na haibridi nyingine za tairi nne, libebwe lote juu ya karia. Ukweli ni kwamba kwa haibridi iliyogongwa, karia ndiyo jibu hata ikibidi isubiriwe kutoka Dar. Kama ni Prius, P imefungwa kwa umeme: betri ndogo ikishakatwa, tairi za mbele hazitazunguka, kwa hiyo tayarisha vigari vidogo vya magurudumu vya kuweka chini ya tairi kabla ya kuvuta kwa winchi. Usiirudishe betri ndogo ili gari lisogee. Ndoano ya winchi ifungwe penye tundu la kuvutia au kwenye mikono ya tairi, isipite chini ya sakafu ambako waya za chungwa zimelala.

Na kazi huwa haiishii hapo. Gari linalazwa kituo cha polisi au yadi, likibanwa kati ya mengine. Mei 2011 huko Wisconsin, Marekani, Chevrolet Volt ya kuchomeka iligongwa ubavuni kwa makusudi katika jaribio la usalama, ikageuzwageuzwa, ikaegeshwa nje. Zaidi ya wiki tatu baadaye ikawaka yenyewe na kuunguza magari ya jirani, kwa sababu maji ya kupozea yalivujia ndani ya betri na kupiga shoti taratibu. Kwa hiyo haibridi ya lithiamu iliyogongwa sakafuni au kuzama ikae wazi, mita 15 kutoka kwenye magari mengine, majengo na nyasi kavu. Andika kwenye kioo cha mbele kwa rangi: HAIBRIDI, BETRI NDOGO IMEKATWA, pamoja na tarehe na saa. Mkabidhi askari wa zamu ufunguo mkononi na umwambie ufunguo huo usirudi garini, na kwamba asiruhusu mtu kuazima chaji kupitia ile ncha nyekundu ili kufungua vioo. Mweleze pia kuhusu vijana wanaokuja usiku kukata waya za chungwa kwa ajili ya shaba: plagi ikiwa haijatolewa na fundi mwenye vifaa, anayezikata karibu na betri iliyopasuka anaweza kufa palepale. Mlinzi akague sakafu ya gari kwa kiganja kilicho karibu bila kugusa, asubuhi na jioni, kwa siku za mwanzo. Akihisi joto, akisikia mzomeo au harufu tamu ya kemikali, apige 114 kabla ya kusogeza chochote.